Kompyuta Ikizimika Yenyewe, Shika Saa na Daftari

Siku hizi kompyuta haikai mjini peke yake. Utaikuta skulini, katika kituo cha afya, katika duka la kutoa fotokopi, na hata katika chumba cha mbele nyumbani kwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nyingi katika hizo si mpya. Zimefanya kazi kwanza katika ofisi za Ulaya au za nchi za Ghuba, ofisi zenye mashine za kupoza hewa, kisha zikauzwa zikaletwa huku. Huku hakuna mashine ya kupoza hewa. Kuna paa la bati, jua la kaskazi, vumbi, na upepo wa chumvi.

Basi mashine inafanya kazi mwezi, miezi miwili. Siku moja uko katikati ya kuandika, mara tap! Skrini nyeusi. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna neno. Unaiwasha tena, inawaka. Baada ya dakika kumi, tap! Ulichokiandika bila kukihifadhi kimekwenda.

Kwa katibu wa kikundi hilo si jambo dogo. Ndani ya mashine ile mna hisa za wanachama thelathini: nani kaweka, nani kakopa, nani kalipa nusu. Mwanachama akija kudai chake na hesabu haionekani, hasemi kompyuta imezimika. Anasema katibu kala pesa. Na fundi naye akiitwa, mara nyingi jibu lake ni moja tu: "Mazabodi imekufa hii, tafuteni nyingine." Mazabodi ndilo jina la mitaani la ule ubao mkuu ulio ndani ya kompyuta, wenye nyaya na vidude vyote. Ni kitu cha bei. Kabla kikundi hakijachanga pesa ya ubao mpya, inafaa tujue kwa nini kompyuta huzimika yenyewe. Mara nyingi ubao mkuu hauna kosa lolote.

Joto linatoka wapi?

Unaijua pasi ya umeme. Umeme ukipita ndani yake unageuka joto. Unaijua pia ile balbu ya zamani ya wati 60. Ukiigusa ikiwa imewaka inakuunguza vidole. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Kinaitwa prosesa. Sehemu yake inayofanya kazi ni ndogo, yapata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Prosesa ya kompyuta ya mezani ikishika kazi nzito inaweza kutumia wati 65 au zaidi. Yaani joto la balbu ile nzima limekusanywa mahali padogo kama ukucha. Na umeme wote inaoutumia, wote kabisa, mwisho wake ni joto.

Joto hilo lazima liondolewe. Huondolewa kwa kupokezana, kama watu wanaoshusha magunia kutoka kwenye jahazi mkono kwa mkono. Wa kwanza ni prosesa yenyewe. Juu yake imepakwa dawa laini mfano wa dawa ya meno, mafundi huiita pesti. Kazi yake ni kuziba vijishimo ili joto lipite vizuri. Juu ya pesti kuna kipande cha alumini, pengine kina shaba ndani, chenye mapezi mengi membamba. Hicho ndicho kipoza joto. Mapezi yale hupulizwa na feni, au panka kama wengine wanavyoita, na hewa ya moto hutolewa nje kwa matundu ya sanduku. Mtu mmoja katika mstari ule akisimama, magunia yanarundikana. Pesti ikikauka, au mapezi yakizibwa na vumbi, au feni ikakwama, joto linarundikana kwenye prosesa.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Prosesa za siku hizi zina kipimo cha joto ndani yake. Joto likikaribia nyuzi 100, kiwango ambacho maji huchemka, prosesa hupunguza mwendo. Wewe unaona mashine imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda, inakata umeme. Inajizima kwa makusudi, isiungue. Ni kama mtu aliyeona kizunguzungu juani akaenda kuketi kivulini.

Zamani haikuwa hivyo kwa zote. Mwaka 2001 waandishi wa jarida la mambo ya kompyuta liitwalo Tom's Hardware walifanya jaribio mbele ya kamera. Walichukua prosesa kadhaa zikiwa kazini wakaziondolea vipoza joto. Pentium 4 ya kampuni ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi. Athlon za kampuni ya AMD ziliungua kwa muda mfupi mno, zikatoa moshi. Filamu ile ilitazamwa na watu wengi, na leo kujilinda na joto ni jambo la kawaida kwa prosesa zote. Kwa hiyo mashine inayozimika kwa joto, ikiwa bado inawaka baada ya kupumzika, ina dalili njema. Haijafa. Inakuambia haipati hewa.

Wesha na mashine zake

Tuchukue Wesha, magharibi ya mji wa Chake Chake, ukingoni mwa bahari, penye gati na kituo cha umeme. Watengenezaji wengi wa kompyuta za ofisini huandika kwamba mashine imekusudiwa kukaa katika chumba kisichozidi nyuzi 35 za joto. Wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, joto la kivulini hufika nyuzi 32 na kupita. Ndani ya chumba kidogo chini ya bati lisilo na dari, alasiri, hizo 35 zinapitwa bila shida. Na chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo hupanda karibu tano hizo hizo. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi vizuri wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai, inaweza kuanza kuzimika mwezi wa Januari na watu wakadhani imerogwa.

Kuna na chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi huvuta maji. Kila mtu aliyeacha chumvi ya jikoni wazi wakati wa masika anajua. Vumbi la bara ni kavu, ukilipuliza linaruka. Vumbi la pwani limelowa chumvi, linaganda kwenye mapezi ya kipoza joto kama blanketi. Ongeza vumbi la karafuu na makonyo yanayoanikwa mlangoni. Ongeza mjusi anayependa kulala mahali pa joto, na sisimizi wanaohamia na mayai yao. Ukifungua sanduku la kompyuta iliyokaa pwani miaka mitatu bila kusafishwa, utaona mwenyewe.

Lakini umeme nao una lawama yake. Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Mnamo Juni 2010 ulizinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa serikali ya Norway, na tangu hapo kisiwa kikapata umeme wa gridi ya taifa. Ulikuja baada ya kisiwa cha Unguja kukaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuharibika waya wake wenyewe. Waya wa Pemba umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo umeme kukatika, au kushuka nguvu jioni kila nyumba inapowasha, bado ni mambo tunayoyajua. Kompyuta haina betri kama simu. Umeme ukiyumba nukta moja tu, balbu inapepesa, lakini kompyuta inazimika.

Kwa hiyo kuna kuzimika kwa joto, na kuna kuzimika kwa umeme, na kuna kuzimika kwa ugonjwa mwingine. Utavijuaje? Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokuwa silaha.

Andika kabla hujafungua

Chukua daftari. Kila unapowasha mashine, andika siku na saa. Kila inapozimika, andika saa. Andika ulikuwa unafanya nini, na andika taa ya chumbani ilifanyaje. Fanya hivyo siku nne au tano. Usifungue skrubu hata moja kwanza.

Tuseme katibu wa kikundi cha akina mama kaandika hivi:

Jumatatu. Kuwasha saa 3.00 asubuhi. Kuzimika saa 3.40. Kazi, kuandika hisa. Taa haikupepesa.

Jumanne. Kuwasha saa 8.00 mchana, jua kali. Kuzimika saa 8.12. Kuwasha tena pale pale, kuzimika saa 8.15.

Jumatano. Kuwasha saa 2.00 usiku, upepo mzuri. Mpaka saa 4.00 haikuzimika. Nimeizima mwenyewe.

Alhamisi. Kuwasha saa 8.00 mchana. Kuzimika saa 8.10. Taa haikupepesa. Nimeipumzisha nusu saa, ikakaa tena dakika kumi.

Hebu isome tena polepole. Mchana inakaa dakika kumi, asubuhi arobaini, usiku haizimiki. Ikiwashwa ingali na moto inadumu dakika tatu tu. Ikipumzika inapata nguvu. Taa ya chumbani haina habari. Hilo ni joto, hata mtu asiyejua kompyuta atasema hivyo. Na fundi akija na maneno yake, mambo yatakuwa hivi:

"Mama, mazabodi imekufa hii."

"Imekufa, mwanangu, na usiku inafanya kazi saa mbili nzima? Hebu soma hapa."

Fundi mzuri atafurahi kuliona daftari hilo. Limempunguzia nusu ya kazi.

Daftari lingeweza kusema mengine. Kama mashine inazimika wakati ule ule taa inapopepesa, tatizo ni umeme. Tafuta kidhibiti umeme, ambacho mafundi wanakiita stebilaiza, au lile boksi la betri liitwalo UPS, linalokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kama inazimika sekunde chache tu baada ya kuwashwa, tena hata asubuhi ikiwa baridi, huenda feni ya prosesa haizunguki kabisa au kipoza joto kimelegea. Huenda pia pawa saplai imechoka, yaani lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Kama haizimiki bali inaganda, au inaleta skrini ya buluu yenye maandishi, bila kujali mchana wala usiku, basi shuku ramu, diski au programu. Ramu ni vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Mara nyingine huhitaji kuchomolewa, kufutwa meno yake na kurudishwa tu, maana chumvi imeingia. Diski inayogonga ko-ko-ko inaaga. Hiyo usibishane nayo, nakili kazi zako siku hiyo hiyo. Na feni ikivuma kama lori mlimani ilhali hakuna mtu anayefanya kazi, pengine kuna virusi ndani vinavyoitumikisha prosesa kwa siri.

Jaribio lisilo na gharama

Ukishashuku joto, hakikisha. Zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha ubavuni. Iwashe tena ikiwa wazi na uielekeze feni ya chumbani ipulize ndani. Usitie mkono. Ikiwa sasa inakaa saa nzima mchana huo huo wa jua, umeshapata jibu. Kukaa wazi hivyo si dawa ya kudumu, kwani vumbi na mijusi vitaingia vizuri zaidi. Ni jaribio tu.

Ukitaka namba, kompyuta nyingi zina ukurasa wa ndani uitwao bayosi. Washa huku ukibonyeza F2 au Delete mfululizo, kutegemea mashine, kisha tafuta palipoandikwa joto la prosesa. Mengi ya maandishi ni ya Kiingereza, lakini namba yenye alama ya nyuzi utaitambua. Chini ya 60 hakuna neno. Ikikaribia 80 wakati mashine haina kazi yoyote, kuna kitu kimeziba. Usibadilishe chochote mle. Tazama, kisha toka bila kuhifadhi.

Kusafisha

Kazi hii inahitaji bisibisi, brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, pamba, na pampu ya baiskeli. Ifanye nje, kivulini. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki umalizike. Gusa chuma cha sanduku kabla hujagusa kitu cha ndani, maana mwili wa mtu hubeba umeme mdogo usiouhisi, na huo unatosha kuua ramu. Ile pawa saplai usiifungue hata siku moja. Hata ikiwa imechomolewa hubaki na umeme wa kumrusha mtu. Iondoe vumbi kwa nje kupitia matundu yake, basi.

Anza na mapezi ya kipoza joto. Mara nyingi vumbi limejificha kati ya feni na mapezi. Juu unaona safi, chini kuna mkeka. Toa skrubu za feni, inyanyue, utauona. Liondoe kwa brashi, kisha pampu. Unapopuliza feni ishike kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu huharibika. Mashine ya upepo ya wajaza matairi ni bora uiepuke. Ina nguvu mno, na hutema maji. Kinywa nacho kina mate. Kitambaa cha maji usikifikirie kabisa.

Zungusha feni kwa kidole. Feni nzima huzunguka laini na kusimama taratibu. Ikikwama au ikikwaruza, inunuliwe nyingine. Feni ni kitu rahisi kukipata, na bei yake haikaribii ya ubao mkuu. Ukiwa mle ndani tazama pia vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao, viitwavyo kapasita. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vilivyovimba kama kopo la samaki lililoharibika, au vinavyovuja uchafu wa kahawia, ndivyo vinavyozimisha mashine, na hapo usafi hautasaidia. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita mbovu, zikafa hivyo dunia nzima. Fundi anayejua kuchomea anaweza kuvibadilisha.

Ikiwa umesafisha na bado inazimika mchana, imebaki pesti. Mashine ya zaidi ya miaka mitano huenda pesti yake imekauka kama chokaa. Kubadilisha pesti ni kazi ya mtu aliyewahi kuona ikifanywa. Kwa mara ya kwanza mwite fundi umtazame. Washa mashine dakika tano ili pesti ilainike, zima, chomoa, fungua kipoza joto ukikizungusha kidogo badala ya kukivuta. Futa pesti ya zamani kwa pamba na spiriti safi ya duka la dawa, pande zote mbili, ing'ae. Tia pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, katikati. Wengi hufikiri ikiwa nyingi ndiyo bora. La. Ikizidi inakuwa ukuta wenyewe. Dawa ya meno isiwe badala yake, ingawa zinafanana. Hukauka kwa muda mfupi.

Mahali pa kuiweka

Sasa twende kwenye kile kitambaa. Akina mama wa pwani wana mikono mizuri, na kompyuta ikifika nyumbani hufumiwa kitambaa chenye maua, ikafunikwa kama redio na televisheni. Ikiwa imezimwa na imeshapoa, funika, tena ni vizuri, vumbi halitaingia. Ikiwa imewaka, kitambaa hicho ni mto wa kuizibia pumzi. Kifunuliwe chote, si kupindwa nusu.

Usiiweke sakafuni, vumbi la mfagio ndiyo chakula chake. Usiiweke ndani ya kabati. Isogeze mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja, maana hewa ya moto mara nyingi hutokea nyuma. Iwe mbali na dirisha linalotazama bahari moja kwa moja, na mbali na jiko. Matundu makubwa yasiyo na kazi yazibwe kwa wavu laini wa chandarua dhidi ya mijusi, lakini wavu huo usafishwe kila wiki, la sivyo nao utageuka blanketi. Kwa nyumba za pwani, kusafisha ndani mara mbili kwa mwaka si kupita kiasi: mara moja kabla ya kaskazi kuingia, mara moja baada ya msimu wa karafuu.

Na wakati wa kaskazi, kazi nzito ya hesabu ihamishiwe asubuhi mapema au usiku. Mashine ya fotokopi na printa zisikae ubavuni mwake zikiipulizia moto.

Turudi kwa yule katibu. Hata mashine ikishatengemaa, asikae nayo peke yake na hesabu za watu. Kila baada ya mistari michache ahifadhi. Kila jioni anakili hesabu kwenye flashi, na flashi hiyo ilale nyumba nyingine, kwa mweka hazina kwa mfano. Na kila siku ya mkutano achapishe karatasi ya hisa na mikopo, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, watie saini au dole gumba, karatasi ifungiwe ndani ya faili pamoja na lile daftari la saa.